Kuzamia Mombasa ukiwa peke yako kwenye boti ya kundi: mwongozo wa kwenda na kurudi

Hii naandikia mtu mmoja haswa. Ana cheti cha kuzamia, pengine alisomea Diani ama Watamu, sasa amepata siku chache za likizo Mombasa na hana wa kwenda naye. Marafiki wanaogopa maji, wengine wakisikia bei wanasema "utatutumia picha tu", basi anajiunga na boti ya kundi: watu kumi hivi wasiojuana, wazungu kadhaa, familia moja kutoka Nairobi, na yeye kwenye kona na begi lake.

Kwenda peke yako si tatizo, na stori za kwenye boti hazikosi. Shida ni moja tu: hapo hakuna anayekujua. Hakuna ajuaye kama huwa unamaliza hewa haraka, hakuna ajuaye kama ukinyamaza ni uoga au ndio ulivyo, na kubwa zaidi hakuna atakayeuliza "fulani yuko wapi" kwa sababu hakuna anayemjua huyo fulani. Waliokuja wawili wawili wanaangaliana bila hata kufikiria. Wewe itabidi hio kazi uifanye makusudi, uhakikishe watu wawili watatu kwenye boti wanakujua kwa jina na kwa sura kabla hujalowa. Hatua nyingi hapa chini zinazunguka hapo hapo.

1. Angalia bahari kwanza, boti baadaye

Mvuvi yeyote atakwambia misimu ni miwili. Kaskazi inavuma kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi mpaka wa tatu, maji yanakuwa ya vuguvugu, nyuzi 28 au 29, na chini unaona mbali. Kusi inaingia mwezi wa nne mpaka wa tisa, na vile masika nayo inaangukia hapo mwanzoni, mito inamwaga tope baharini na kuna siku unashuka kwenye maji kama chai ya maziwa, mkono wako mwenyewe huuoni vizuri. Kama ndio mara yako ya kwanza kuzamia na watu usiowajua njoo kati ya mwezi wa kumi na wa tatu. Wapo wanaozamia mwezi wa saba na wanafurahia, lakini wale wanajuana na nahodha.

Halafu kuna mwezi wa angani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, na Mombasa bamvua si mchezo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Maji yote hayo yanaingia na kutoka kupitia milango ya mwamba na hori za Tudor na Mtwapa, kwa hivyo ukizamia karibu na mlango saa maji yanatoka utavutwa nje kweli kweli. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanatulia. Ukiweza kuchagua tarehe, chagua hizo, na ukiambiwa "ah haijalishi" na mtu anayekuuzia tiketi jua huyo ni wa tiketi, si wa bahari.

2. Piga simu, uliza, na uulize kwa Kiswahili

Pale ufukweni Bamburi na Nyali utakutana na vijana wanaouza safari, wengine wazuri tu, lakini wanauza kwa niaba ya mtu. Usimalizane nao. Sema "nipe nizungumze na daivumasta mwenyewe". Mtu atakayekuwa na wewe chini ya maji ndiye unayetaka kusikia sauti yake.

Muulize siku hio mnaenda wapi na kina ni mita ngapi. Hili ndilo swali linalosahaulika, mtu analipa kwanza halafu anaambiwa kwenye boti kwamba leo ni MV Dania. Sasa Dania ni meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, ni nzuri mashallah, lakini imekaa kwenye kina cha karibu mita 30. Cheti cha mwanzo kinakuruhusu mita 18, cha pili ndio kinafika 30. Ukiwa na marafiki mnaweza kukataa pamoja, ukiwa peke yako kwenye boti ya watu kumi waliokwisha lipa utaona haya kusema "mimi sitoshi hapo" na utashuka tu. Kwa hivyo hio kazi imalize kwa simu, ukiwa bado umekaa nyumbani.

Uliza pia kiongozi mmoja anachukua watu wangapi chini. Mimi zaidi ya wanne wageni kwa kiongozi mmoja naona wengi, hasa maji yakiwa na tope. Uliza kama boti ina oksijeni ya dharura, mtungi wa kijani ama mweupe kwenye sanduku, na ni nani anajua kuutumia. Uliza kama nahodha anabaki kwenye boti wakati nyote mko chini, maanake kuna wanaotia nanga na kushuka pia, hio kataa papo hapo. Uliza laifujaketi zinatosha. Uliza mtu akipata shida ya kuzamia anapelekwa wapi, na chemba ya kutibu, kile chumba cha presha cha kutibia wazamiaji, iliyo karibu ambayo inafanya kazi *sasa hivi* ni ipi. Daivumasta wa maana hili jibu analo mdomoni. Akianza kucheka na kusema hapa hakujawahi kutokea kitu, shukuru, kata simu, tafuta mwingine.

Na wewe nawe sema ukweli. Kama ni zaidi ya mwaka hujagusa regulata, kile kifaa cha kupumulia mdomoni, mwambie, utapewa zoezi dogo kwenye bwawa ama maji mafupi kwanza. Kama una pumu, moyo, sukari, umefanyiwa upasuaji karibuni, ama una mimba, fomu ya afya isikuone ukiweka "hapana" kila mahali ndio mambo yaende haraka. Ukiwa mjamzito hakuna kuzamia, na hayo mengine daktari ndiye anasema.

Malipo fanya kwa M-Pesa na usifute meseji, ile meseji ndio ushahidi kwamba uliingia kwenye orodha ya siku hio. Ada ya hifadhi ya bahari ya Mombasa ni ya KWS, shirika la wanyamapori, na inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali, uliza kama imo ndani ya bei ama ni juu yako.

3. Acha jina lako nchi kavu

Hatua fupi lakini usiiruke. Kabla ya kulala mtumie mtu mmoja meseji: jina la kampuni, namba yao, mnatoka ufukwe gani, saa ngapi mnarudi. Si lazima awe ndugu, hata mwenye nyumba uliyokodi ama mlinzi wa geti anatosha. Mpe na saa ya kuanza kuuliza: "ikifika saa tisa sijakupigia, piga hii namba, wakikosa kushika piga tena, halafu piga 999". Mtu ukimwambia tu "naenda baharini kesho" atakungoja mpaka usiku akidhani umekolea nyama choma Mtwapa.

4. Usiku wa kuamkia na asubuhi yake

Mombasa usiku ni mtamu na unajua mwenyewe. Pombe inakausha mwili, na mwili uliokauka uko kwenye hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa kuzamia, yaani naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini kugeuka mapovu ukipanda. Muguka nao unakunyima usingizi, unaamsha moyo mbio, unafika kwenye boti macho mekundu na pumzi za juu juu, hewa inaisha kabla ya wenzako. Iache siku hio. Maji kunywa mengi, madafu pia.

Chai asubuhi kunywa lakini hayo mahamri na mbaazi usijaze sahani, boti ikiwa nje ya mwamba inayumba huku imesimama na mbaazi zitarudi kusalimia watu. Kama unajijua unatapika, dawa ya kichefuchefu meza mapema, lakini isiwe mara yako ya kwanza kuimeza siku hio maana nyingine zinaleta usingizi. Kwenye boti kaa nyuma, angalia upeo wa bahari, usishike simu.

Mafua? Usizamie. Najua umelipa. Njia za masikio na pua zikiziba huwezi kusawazisha presha, na ukimeza dawa ya kufungua pua ikaisha nguvu ukiwa chini, kupanda ndio kutakuwa shida, hewa inanaswa ndani inatafuta pa kutokea.

Na ndugu zangu wa Ramadhani, mimi si sheikh, lakini kuzamia umefunga kwenye jua la Mombasa bila tone la maji tangu alfajiri ni kujitafutia. Subiri Idi ipite.

5. Ukifika kwenye boti, jitambulishe kwa watu watatu

Hapa ndio wengi wanakosea. Msafiri wa peke yake akifika anakaa kimya, anasubiri kuambiwa. Usikae kimya.

Wa kwanza ni nahodha. Msalimie vizuri, kama ni mtu mzima "shikamoo mzee", kama ni rika lako "vipi kepteni", mwambie jina na kwamba umekuja peke yako. Halafu muulize "maji yako vipi leo, yanaingia ama yanatoka?" Maelezo rasmi kwenye boti nyingi yanatolewa kwa Kiingereza kwa ajili ya watalii na yanakuwa matamu matamu, lakini nahodha akiulizwa kwa Kiswahili anakwambia mambo yalivyo, kwamba upande ule kuna mkondo, kwamba jana walizamia wakatoka mbali, kwamba leo ingekuwa yeye angeenda upande mwingine. Hayo huwezi kuyapata kwenye karatasi yoyote, na mgeni wa Ulaya hana njia ya kuyapata. Wewe unayo, itumie.

Wa pili ni baharia, yule kijana anayebeba mitungi na kushika ngazi. Huyu ndiye anayekuona ukiingia na ukitoka, na kwenye boti nyingi ndiye anayehesabu vichwa. Mwambie "mimi ndio nina finsi za njano, usiniache". Atacheka, lakini finsi za njano hatazisahau.

Hesabu ya vichwa haitoshi kwa sababu watu huhesabu vibaya. Mwaka 1998 huko Australia, kwenye Great Barrier Reef, wanandoa wawili wa Marekani waliachwa baharini na boti ya kundi, boti ikarudi bandarini, na siku mbili zilipita kabla ya mtu kutambua kwamba hawapo, tena waligunduliwa kwa sababu ya begi lao lililobaki. Hawakupatikana tena. Na hao walikuwa wawili. Kwa hivyo ulizia waite majina, si kuhesabu, mara mbili: kabla ya kuondoka ufukweni na kabla ya boti kuondoka mahali pa kuzamia. Ukiona wanahesabu kwa kidole tu, jitolee, sema "nipe hio orodha niwasaidie kuita". Hakuna anayekataa msaada.

Na begi lako liweke wazi mahali linapoonekana, usilisukume chini ya kiti.

Wa tatu ni patna wako, na huyu anahitaji nafasi yake.

6. Patna wa kupangiwa

Utapangiwa mtu. Anaweza kuwa mzee wa Ujerumani mwenye miaka mingi majini, anaweza kuwa kijana aliyemaliza kozi wiki jana, na anaweza kuwa mpiga picha, ambaye ndiye mbaya kuliko wote kwa sababu akiona mkunga ametoa kichwa kwenye shimo anasahau kama ana patna duniani. Kama kuna nafasi, omba upangwe na kiongozi mwenyewe, mwambie uko peke yako na ungependa kuwa karibu naye. Wengi wanakubali.

Kabla ya kuvaa kaeni dakika tano mzungumze. Umezamia wapi, mara ya mwisho lini, hewa yako inaisha haraka ama polepole. Kubalianeni ishara, kwa sababu kidole gumba juu hapa kwetu ni "poa" lakini chini ya maji ni "tunapanda", na kila mwaka kuna mtu anapandishwa juu bila kutaka. Ishara ya "niko sawa" ni duara la kidole gumba na cha shahada. Mkono ukipita shingoni ni "sina hewa". Onyeshaneni mahali ilipo regulata ya akiba, mara nyingi ni ya njano, iguse kwa mkono wako usiangalie tu. Kubalianeni kina cha mwisho, na kwamba mtu akifika ba 100 (ba ni kipimo cha presha ya hewa iliyobaki kwenye mtungi) anamwambia mwenzake na kiongozi, akifika 50 awe tayari yuko kwenye boti ama anatokea juu, si ndio anaanza kufikiria kupanda.

Na mkipotezana? Angalia huku na huku, zunguka, angalia juu na chini, tafuta mapovu, dakika moja tu. Baada ya hapo panda polepole mkutane juu. Usiendelee kuzunguka mwenyewe ukidhani utamkuta mbele. Hili lisemeni kwa sauti kabla, kwa sababu mmoja akipanda na mwingine akiendelea kutafuta ndio balaa inaanza.

Ukiona huyo mtu humwamini, ananuka pombe, ama anasema "mimi huwa nashuka zaidi kidogo", nenda kwa daivumasta polepole useme unataka patna mwingine. Huna haja ya kueleza sana. Adabu za watu wa pwani zisikuzamishe.

7. Vifaa vya kukodi, kagua kwa mikono yako

Weka regulata mdomoni, vuta pumzi kadhaa huku unaangalia geji. Sindano ikicheza cheza kila ukivuta, valvu ya mtungi haijafunguliwa vizuri. Mtungi uliojaa unasoma karibu ba 200, ukipewa 150 uliza kwa nini. Hewa isiwe na harufu wala ladha, ukisikia mafuta ama moshi kataa, hio ni hewa iliyoshindiliwa karibu na ekzosi ama mashine mbovu, na gesi ya moshi ukiwa chini inakulevya bila kujijua.

Jaketi la kuelea lijaze mpaka ligome, lisikilize kama linavuja, halafu toa hewa yote kwa kila kitufe. Mikanda ya uzito, jua jinsi ya kuifungua kwa mkono mmoja. Uzito wenyewe upime majini: jaketi likiwa tupu, pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Ongeza kidogo kwa ajili ya mwisho wa mbizi, kwa sababu mtungi wa alumini unapungua karibu kilo 2 hewa ikiisha na wewe unaanza kuelea wakati ambapo unatakiwa utulie kwenye mita 5.

Kuna vitu vitatu ningekwambia ununue vyako hata kama vingine vyote unakodi. Filimbi, ile ndogo. Boya la kujaza, lile refu la rangi ya chungwa ama njano ambalo linasimama juu ya maji kichwa chako kikiwa hakionekani tena, pamoja na kamba yake. Na kompyuta ya kuzamia, kununua ama kukodi, lakini iwe mkononi mwako. Kompyuta ya kiongozi inajua kiongozi amekuwa wapi, haijui wewe ulishuka mita tatu chini yake kumfuata kasa. Kisu kidogo ama mkasi wa kukata kamba pia una kazi, kuna nyavu zimepotea zimenasa kwenye miamba.

Viatu vya majini vaa kuanzia ufukweni. Maji yakiwa yamekupwa utatembea mbali mpaka kufika boti, na wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wamejaa kwenye majani.

8. Chini

Shuka miguu kwanza, kwa kamba kama ipo, na sawazisha masikio mapema kabla hayajauma, kila nusu mita. Likikataa panda kidogo, jaribu tena. Usilazimishe, na usione haya kuwachelewesha, mwonyeshe kiongozi sikio na atakungoja.

Kaa karibu na kiongozi, upande anaokuona, si nyuma yake juu. Kila dakika chache mtafute patna wako kwa macho hata kama kuna samaki taa amelala mchangani anapendeza. Usiguse kitu, matumbawe mengine yanachoma na kuna samaki anafanana na jiwe kabisa ana miiba ya sumu, na isitoshe mko ndani ya hifadhi, kombe na tumbawe zinabaki pale pale.

Mkiwa Dania ama meli nyingine yoyote iliyozama, ndani usiingie. Kiongozi akiingia wewe baki nje na useme hapana kwa ishara. Kuingia ndani ya meli kuna mafunzo yake na taa zake, na patna uliyejuana naye saa mbili zilizopita si wa kuingia naye kwenye chumba cha giza.

Pumzi ukianza kuipoteza, yaani unahema haraka na unahisi regulata haitoi hewa ya kutosha, simama. Shika mwamba uliokufa ama mchanga, toa hewa nje ndefu, mara kadhaa, na mwonyeshe mtu ishara kwamba kuna kitu hakiko sawa. Wa peke yake huwa anaficha hofu kwa sababu hataki kuharibia watu safari. Waache waharibikiwe.

Kamwe usizuie pumzi unapopanda. Hewa iliyo mapafuni kwenye mita 10 inakuwa mara mbili ukifika juu, na mapafu hayana pa kuipeleka.

9. Kupanda

Mita 9 kwa dakika, si zaidi, kompyuta italia ukizidisha. Simama mita 5 kwa dakika 3. Hapo ndio unatoa boya lako kama uko mbali na kamba ya boti, na hili boya jifunze kulijaza kabla, maji mafupi, kwa sababu likikunasa kamba ukiwa mita 5 litakuvuta juu nalo. Sikiliza injini. Kuna boti za wavuvi, boti za vioo za watalii na jetiski, na dereva wa jetiski haangalii mapovu. Ukipanda geuka taratibu, mkono juu, macho juu.

Ukifika juu jaza jaketi kwanza kabla ya kutoa regulata mdomoni, halafu mpe nahodha ishara ya "niko sawa", mkono juu ya kichwa.

Ukitokea na boti huioni, ama iko mbali inaondoka: jaketi lijaze kabisa, boya lisimamishe, piga filimbi. Uzito uangushe kama unapata shida kuelea. Maski na finsi baki navyo. Kama mko zaidi ya mmoja shikaneni. Usijaribu kuogelea kupinga mkondo, na usijielekeze pale mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba hata kama nyumba za Bamburi unaziona kabisa. Pwani yetu mkondo mkubwa unaenda kaskazini mwaka mzima, kwa hivyo wanaokutafuta wataanza kuangalia upande wa Mtwapa na kwenda mbele, na kazi yako ni kuonekana na kutunza nguvu. Hapo ndio utajua faida ya yule kijana wa finsi za njano na yule uliyemwachia namba.

10. Kurudi Nairobi, ambako watu hawafikirii kabisa

Kila mzamiaji ameambiwa asipande ndege mara moja. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa ama siku kadhaa mfululizo. Sawa. Sasa mtu anasema mimi sina neno, narudi na SGR.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ule mwongozo hauangalii kama umepanda ndege ama treni, unaangalia umepanda juu kiasi gani, na unaanza kuhusika ukipita mita 600 hivi. Naitrojeni iliyo mwilini haijui kama umelipa tiketi ya ndege ama ya basi. Ukizamia asubuhi mara mbili, ukala wali wa nazi, ukapanda treni ya mchana pale Miritini, usiku huo huo uko kwenye baridi ya Nairobi na saa 18 hazijafika hata nusu. Hata kwenda kutembea milima ya Taita ni hivyo hivyo. Kwa hivyo siku ya mwisho Mombasa iwe siku ya nchi kavu, na hapo usilalamike, nenda Fort Jesus ukaone vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa, na wazamiaji ndio walioichimbua kuanzia 1977. Jioni tembea Mji wa Kale, kula viazi karai, lala, panda treni kesho yake.

Dalili za ugonjwa wa kuzamia zijue: maumivu ya viungo ambayo hayaelezeki, ganzi ama sindano sindano mikononi na miguuni, kizunguzungu, vipele, uchovu usio wa kawaida, kushindwa kukojoa. Nyingi zinatokea ndani ya saa chache, nyingine mpaka siku nzima ikipita. Mtu wa peke yake hotelini ndiye anayejiambia "nimelala vibaya" na kumeza panadol, kwa sababu hana wa kumwambia "hebu twende". Basi mpigie daivumasta wako hata kama ni saa sita usiku, pigia DAN kama una bima yao, na hospitali sema neno la kwanza kabisa kwamba ulizamia, kwa sababu daktari asiyeambiwa atatibu malaria. Oksijeni ndio ya kwanza kuomba. Lala chali. Usirudi majini kwa fikra kwamba utaponea huko. Na kama kompyuta ni ya kukodi, kabla ya kuirudisha piga picha kumbukumbu zake zote, kina, dakika na saa uliyotoka, hayo ndiyo watakayokuuliza na kichwani hutakuwa nayo.